Flashi, memori kadi, hadi diski (hard disk) au SSD: ipi ununue hapa Kampala, na ya ukubwa gani

Naanza na jibu, asiye na muda achukue aende. Kama unabeba kazi za ofisi, notisi za chuo na picha za kawaida, nunua flashi ya GB 64 yenye USB 3 kwenye duka linalotoa risiti, basi. Kama unapiga video, memori kadi mbili za GB 64 mimi nazipendelea kuliko moja ya GB 128. Kama unataka kutunza vitu vya miaka, chukua hadi diski ya nje, TB 1 au TB 2, na ziwe mbili zenye kopi ileile. SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, ni ya mtu anayeediti kila siku. Na zile flashi za TB 2 zinazotembezwa mkononi katikati ya mji kwa bei ya kutupa, hizo usiguse kabisa, nitafika huko maana hapo ndo nina uchungu napo.

Kazi yangu ni kamera: harusi, kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), mahafali ya Makerere na Kyambogo, na mara mojamoja matangazo ya wenye maduka. Kwa hiyo hivi vitu nanunua, vinachakaa, nanunua tena, na wateja nao wananiletea vya kwao niwawekee video zao, vinapita mkononi mwangu vya kila aina na kila rangi. Ninayosema hapa ni ya mtu anayevitumia kutafutia ugali, sio ya kusoma kwenye pakiti.

Swali ambalo naulizwa kila siku ni hili: "Mbona nimenunua GB 64 na kompyuta inaonyesha 59?" Hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu GB 1 kuwa baiti bilioni moja kamili, lakini Windows inahesabu GB 1 kuwa baiti 1,073,741,824 (yaani 1024 mara 1024 mara 1024), ndo maana namba inashuka ukichomeka. GB 32 itaonyesha 29 na kitu, GB 64 itaonyesha 59 au hata 58, GB 128 itaonyesha 119 hivi, na hadi diski ya TB 1 itaonyesha GB 931. Ukichomeka hiyohiyo kwenye Mac utaona namba ya kiwandani kwa sababu Mac inahesabu kwa bilioni. Kwa hiyo ukiona 931 usirudi dukani kugombana na mtu wa watu. Ila ukiona flashi ya GB 64 inaonyesha 64 kamili kwenye Windows, au ya TB 2 inaonyesha 2 kamili, hapo sasa shtuka.

Tumetoka mbali lakini. Ile flopi ngumu ya inchi 3.5 ilikuwa inabeba MB 1.44 tu, watu wameandika tasnifu nzima humo na kutembea nazo kwenye bahasha. Picha moja ya RAW (ghafi, kabla haijaminywa) ya kamera ya megapikseli 24 inakula kama MB 25, ungehitaji flopi kumi na saba au kumi na nane kwa picha moja ya bibi harusi! Baadaye ikaja Zip ya Iomega ya MB 100 katikati ya miaka ya 1990, ikaja CD ya MB 700, DVD ya GB 4.7, Blu-ray ya GB 25. Flashi za kwanza zilianza kuuzwa mwaka 2000, ile ya IBM ilikuwa ya MB 8, na watu waliona ni muujiza kwa sababu peke yake inabeba flopi tano na nafasi inabaki. Sony wenyewe waliacha kuuza flopi 2011.

DVD usiizike bado. Laptopu mpya hazina pa kuiingiza, hilo kweli, na GB 4.7 ni video ya saa mbili hivi kwa ubora wa kawaida, full HD utaminya mpaka sura zinakuwa tope. Lakini jjajja (bibi) kule Masaka ana deki yake na TV yake na amezizoea, ukimpelekea flashi utamsumbua kutafuta mjukuu wa kumchomekea. Halafu DVD ikishachomwa ikafungwa, virusi haviingii tena humo, na hiyo kwa hapa kwetu ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mimi bado naziuza, kwa wazee tu.

Twende kwenye flashi zenyewe. Watu wanaangalia GB wanasahau spidi, na spidi ndo itakayokutesa. Mfano wa kweli wa kazi: folda ya harusi ya GB 30. Flashi ya USB 2 ya bei rahisi inaandika MB 8 kwa sekunde, mara nyingine chini ya hapo, kwa hiyo hiyo folda inachukua zaidi ya saa nzima na mteja amekaa kwenye kiti anakuangalia. Flashi nzuri ya USB 3 inayoandika MB 100 kwa sekunde inamaliza kwa dakika tano. Dakika tano! Lakini tahadhari, namba kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti, "mpaka MB 150", hiyo ni spidi ya kusoma, ya kuandika mara nyingi hawaiandiki kabisa na ndiyo ndogo. Pia tazama ndani ya mdomo wa flashi, plastiki ya bluu mara nyingi ni USB 3 na nyeusi au nyeupe mara nyingi ni USB 2, ingawa feki nazo zinapakwa bluu siku hizi. Na uchomeke kwenye tundu la USB 3 la laptopu, ukichomeka kwenye tundu la zamani pesa yako ya spidi umeiacha dukani.

Kingston na SanDisk ndizo zinazopatikana sana hapa mjini na ndizo ninazonunua. Vile vidogo kabisa kama ukucha vinapendeza kwenye redio ya gari, ila vinapata moto ukikopi vitu vingi na vinapotea kama shilingi. Vya kufunikwa na kifuniko, kifuniko kinapotea wiki ya kwanza. Mimi nachukua vile vya chuma bila kifuniko, vyenye tundu la kamba.

Sasa kuna jambo linawachanganya wengi, mteja anakuja analalamika "flashi yangu ina nafasi GB 50 na inakataa filamu moja ya GB 6, imeharibika". Haijaharibika. Imefomatiwa FAT32, yaani mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haikubali faili moja kuzidi GB 4, hata kama flashi yenyewe ni tupu. Dawa ni kuifomati kwa mpangilio mwingine, exFAT (toa vitu vyako kwanza jamani, kufomati kunafuta kila kitu), halafu itabeba faili la ukubwa wowote. Tatizo ni kwamba TV nyingi za zamani na redio za kwenye taksi zinasoma FAT32 tu, ukiwapa exFAT zinakaa kimya. Kwa hiyo mimi nauliza mteja kabla: utatazamia wapi? Akisema kwenye TV ya nyumbani ya siku nyingi, nakata video vipande vya chini ya GB 4 namwekea kwenye FAT32, na hanirudii na malalamiko.

Kwa wale wanaopeleka flashi laibrari (vibanda vya kuuza filamu) kujaziwa filamu za ma-VJ, wale wanaotafsiri filamu kwa sauti, GB 32 inatosha sana, filamu ya GB 1 hivi zinaingia ishirini na nane, ishirini na tisa. Ila iwe flashi ya kazi hiyo peke yake. Kompyuta za laibrari zinachomekwa flashi za mji mzima, na kile kirusi kinachogeuza folda zako zote kuwa shotikati kinaishi huko. Kikikupata usikimbilie kufomati, mafaili yako mara nyingi yapo, yamefichwa tu, ruhusu kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa utayaona, yakopi kwenye kompyuta yenye antivirusi, ndo ufomati. Flashi yenye tasnifu ya chuo usiipeleke laibrari. Hata kwenye duka la kuprintia pale Wandegeya mimi ningepeleka flashi ndogo yenye PDF ile moja tu ya kuprinti.

Memori kadi ndo eneo langu hasa. Herufi zilizoandikwa juu yake zina maana: SDHC ni ya zaidi ya GB 2 mpaka GB 32, SDXC ni zaidi ya 32 mpaka TB 2, na kuna SDUC ya mpaka TB 128 ambayo huna haja ya kuifikiria sasa. Kamera ya zamani inayojua SDHC tu haitasoma kadi ya GB 64 ya SDXC hata ukaibembeleze, kwa hiyo kabla hujanunua kubwa soma kamera yako inakubali nini. Halafu kuna namba ndani ya alama ya C, 10 maana yake haishuki chini ya MB 10 kwa sekunde wakati wa kuandika, na V30 maana yake haishuki chini ya MB 30. Video ya 4K ya kamera nyingi ni megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni kama MB 12.5 (biti nane ni baiti moja), yaani GB 45 kwa saa. Class 10 hapo inaweza kukukatia kurekodi katikati ya hotuba ya baba mkwe, V30 haina wasiwasi. Na ukipiga hesabu hiyo unaona GB 64 ni kama saa moja na dakika ishirini na kitu za 4K, wakati kwanjula inaanza mchana mpaka giza linaingia. Ndo maana kadi lazima ziwe nyingi.

Kwa nini mbili za 64 na sio moja ya 128? Kadi ikifa, na zinakufa bila kuaga, unapoteza nusu ya sherehe badala ya sherehe yote. Mwenye kamera ya nafasi mbili za kadi ndo amelala usingizi, aweke zote zirekodi kitu kimoja kwa pamoja. Ile microSD ndani ya adapta kwenye kamera kubwa mimi siipendi, zile sehemu za kugusana zinaongezeka na adapta za bei rahisi zinalegea. Kwenye simu na droni iko sawa kabisa.

Kitu kimoja kidogo cha kutazama kwa karibu: ubavuni mwa SD kuna kitelezo kidogo cha plastiki cha kufungia. Kinalegea kwa kutumika, kisha ukisukuma kadi ndani ya kamera kinajitelezesha kwenye kufunga na kamera inakuambia kadi imefungwa. Watu wanatupa kadi nzima kwa sababu hiyo. Weka kipande kidogo cha selotepu pale pale kwenye nafasi ya kufungua, kiwe kimoja na kilale vizuri kisije kikabanduka ndani ya kamera, kadi inarudi kazini.

Haya, feki.

Pale mjini ukitembea kuelekea Kikuubo utakutana na kijana ana flashi mkononi zimeandikwa TB 1, TB 2, zinang'aa kweli. "Boss wangu, TB 2 hii, orijino, leta elfu thelathini tu." Ukimwambia tuichomeke kwanza anakubali bila shida yoyote, kwa sababu ukichomeka laptopu itaonyesha TB 2! Hapo ndo wengi wanatoa pesa. Ndani yake kuna chipu ya GB 8 au 16, na ile programu ndogo inayoendesha flashi imefundishwa kuidanganya kompyuta. Ni sawa na mwenye chumba kimoja aliyechukua kodi ya wapangaji kumi: wa kwanza anaingia vizuri, wa pili akija vitu vya wa kwanza vinatupwa nje, na kwenye daftari majina yote kumi bado yapo.

Mama mmoja aliniletea ya TB 1 yenye kwanjula ya binti yake. Aliyempigia video alimwekea humo, akafuta za kwake. Tunafungua folda, mafaili yote yapo, majina yapo, ukubwa upo, ukibofya la kwanza linacheza, la pili linacheza, la tatu skrini nyeusi, na kuanzia hapo hakuna kitu. Mama ananiambia, "Mwanangu, si haya hapa nayaona?" Nikamwambia, "Mama, majina yapo, video zenyewe hazipo." Alinyamaza akauliza tena hivyohivyo. Nikaipima, nafasi ya kweli haikufika hata GB 16. Hakuna programu ya kurudisha kitu ambacho hakikuandikwa popote, tukabaki kukusanya vipande vya simu za mashemeji. Binti ameolewa mara moja tu na baba yake anaonekana kwenye vipande viwili vya WhatsApp. Ndo maana hili jambo nalisema kwa nguvu, anayeuza hiki kitu haibi elfu thelathini, anaiba kile utakachoweka humo.

Kupima ni bure. Kwenye Windows kuna programu ndogo inaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Inajaza flashi au kadi yote mpaka mwisho kisha inasoma tena baiti kwa baiti kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo, kwa flashi kubwa ya polepole utaiacha usiku kucha, sawa tu. Ikiwa nzuri inakuambia haina kosa, ikiwa feki inakuambia ni kiasi gani kimepotea. Mimi kila kitu kipya, hata cha duka kubwa, kinapita hapo kabla ya kuingia kazini, na dukani namwambia mwenye duka tangu mwanzo, "Ssebo, nitaipima leo, ikifeli narudi kesho na risiti." Muuzaji mzuri anasema njoo. Mwingine anaanza kueleza kwamba "bidhaa ikitoka hairudi", huyo namwachia flashi yake.

Na usidhani TB 2 za kweli hazipo. Kingston walitoa moja mwaka 2017, DataTraveler Ultimate GT, dude nene zito la chuma na bei yake ilikuwa ya kununua laptopu nzima. TB 1 za kweli nazo zipo. Kinachokuambia ni bei, TB 1 ya kweli haiwezi kuwa rahisi kuliko GB 128 ya duka la pembeni yake.

Hadi diski ya nje. Kwa pesa unayolipa kwa kila GB bado hakuna kinachoishinda, ndogo za inchi 2.5 zinafika TB 6 na zinapata umeme kwa kebo hiyohiyo ya USB. Spidi yake MB 100 na kitu kwa sekunde, sio mbaya. Ubaya wake ni kwamba ndani kuna sahani inazunguka, na kile kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu, ukiiangusha wakati inazunguka imekwenda. Ukisikia inalia tik tik tik izime hapohapo, usiendelee kuijaribu jaribu. Kwenye boda beba ikiwa imechomolewa, ndani ya begi lenye sponji, kwa sababu ikiwa imezimwa kile kichwa kinakuwa kimeegeshwa pembeni. Kebo yake ile pana ya vidomo viwili inalegea haraka, nunua ya akiba. Na kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika katikati ya kukopi unaweza kukuta folda zimevurugika, mimi kazi za kukopi usiku nafanyia kwenye laptopu yenye chaji.

Nasema mbili kwa sababu moja sio hifadhi, ni mahali pa kusubiria hasara. Moja ikae studio na nyingine nyumbani, au kwa dada yako, popote ambapo mwizi au maji ya mvua hayatazichukua zote kwa siku moja.

SSD ya nje nimeipenda kupita kiasi na sifichi. Samsung T7 wanaiandika MB 1,050 kwa sekunde, inapima gramu 58, haina kinachozunguka. Kwenye laptopu yangu yenye tundu la kawaida la USB 3 napata 400 hivi, na hata hapo ile folda ya GB 30 inaingia kwa sekunde sabini na tano, naeditia humohumo bila kuhamisha kitu. Lakini bei ya TB 1 yake unapata hadi diski ya TB 2 na chenji, na sio kitu cha kuweka kabatini miaka, hizi chipu zinashika data kwa chaji ya umeme na chaji hiyo inavuja taratibu ikikaa muda mrefu bila kuchomekwa. Flashi na kadi ni hivyohivyo. Ukiweka kumbukumbu kwenye flashi, ichomeke mara mojamoja, na isiwe kopi pekee.

La mwisho ni la wanaotuma kazi mikoani. Video ya GB 55 kwenda Gulu au Arua, bando lake utalia, na mtandao ukikatika asilimia themanini unaanza upya. Mimi natuma kwa basi, flashi ya GB 64 iliyopimwa, ndani ya kikasha kigumu na karatasi pembeni, naandika jina na namba ya mpokeaji juu na ya kwangu chini, nachukua stakabadhi ya mzigo. Naifomati exFAT kama mpokeaji ana laptopu. Na sifuti cha kwangu mpaka mpokeaji anipigie simu aseme amefungua faili la mwisho kabisa kwenye folda, la mwisho, sio la kwanza.